Kasha la Bunduki Dhaifu

SEHEMU YA TISA

Nambari ilitulia kwenye 104.

Wiki iliyopita tulimwacha Guylaine Lacoursière amejiinamia juu ya mashine ya kupima kasi, pumzi ameizuia, akisubiri tarakimu ziache kucheza. Sasa zimeacha. Afisa wa forodha, Josiane Veilleux, alizisoma kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya vitunguu, akaziandika, akafunga kalamu.

"Haijafika," alisema.

Kwa aliyekosa gazeti, mambo ni haya. Bunduki arobaini za mchezo, zile zinazorusha vipira vya plastiki kwa nguvu ya gesi, zilitoka Taiwan zikashuka kwenye uwanja wa ndege wa mizigo nje ya Montreal. Forodha wakazizuia, kwa sababu karatasi ya kiwanda ilitaja kasi ya toleo la zamani. Guylaine, mjane mwenye duka la bidhaa hizo mjini Shawinigan, alikuja na kichwa chake kigumu akadai zipimwe hapohapo, mbele yake. Zikapimwa.

Na sheria ya Kanada kuhusu vitu hivi, ukimsimulia mgeni, atadhani umelewa. Bunduki ya mchezo inayofanana kabisa na ya kweli, ikirusha kipira chini ya mita 111.6 kwa sekunde, inahesabiwa kuwa mfano wa bunduki, na mfano wa bunduki ni marufuku kuingizwa nchini. Ikivuka kasi hiyo, bila kupita ukomo wa juu, inaingia bila taabu.

"Ngoja nielewe," alisema Guylaine. "Kosa lake ni kwamba haina nguvu."

"Ndiyo, bibi."

"Ningekuletea inayouma zaidi, ungenipa mzigo wangu niende."

"Ningekupa."

"Na hii isiyouma ndiyo ya hatari."

"Mimi sikusema ya hatari. Nimesema marufuku." Afisa Veilleux hakutabasamu, wala hakukunja uso. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, na meza yake haikuwa na hata picha ya mtoto. "Sheria sikuitunga, bibi. Mimi napima."

Nyuma yao, kwenye kiti cha plastiki kando ya hita, mtu alicheka puani. Huyo ni Réjean, mdogo wa marehemu mumewe Guylaine. Alikuwa amevua kofia yake ya sufu na kuiweka gotini kama paka.

"Shemeji," alisema, "umemsikia. Vitu vyako vimekuwa vipole mno kwa nchi hii. Twende nyumbani."

Guylaine alimpa mgongo. Alijua Réjean anataka kwenda nyumbani tangu walipoondoka nyumbani.

Kati ya hawa wawili kuna jengo. Normand alipofariki aliacha ukumbi wa boling, mchezo wa kuangusha vigingi kwa mpira, uliokufa zamani, nusu kwa mkewe, nusu kwa mdogo wake. Réjean anataka uuzwe kwa mjenzi anayetaka kupandisha vyumba vya kupanga. Guylaine anataka uwe ukumbi wa mchezo wa vipira, ambapo watu wa Shawinigan watajificha nyuma ya kuta za mbao na kulengana wakati wa majira ambayo nje hakukaliki. Walibishana mwaka mzima, mpaka mwanasheria akawaandikia sharti moja: ukumbi ukifunguliwa kabla Januari haijaisha, Guylaine anabaki nao, usipofunguliwa, unauzwa.

Januari inaisha Jumamosi. Leo ni Alhamisi. Na ukumbi wa kukodisha bunduki za mchezo hauwezi kufunguliwa bila bunduki za kukodisha.

"Nini kinafuata?" aliuliza Guylaine.

"Nitaandika hati ya kukamata mzigo. Una haki ya kukata rufaa."

"Rufaa inachukua muda gani?"

"Miezi."

Hapo Guylaine alitukana kwa namna ya watu wa kwao Quebec, yaani alitaja vyombo vya altareni, kimoja baada ya kingine, mpaka akafika kwenye kikombe cha divai. Afisa alisubiri amalize.

"Naomba nipige simu kiwandani," alisema Guylaine.

"Piga. Mimi naandika."

Taiwan ilikuwa usiku. Bwana Hsieh, mwenye kiwanda, alipokea akiwa kitandani, na kwa dakika nzima hakuelewa kwa nini mteja anamlaumu kwamba bidhaa ni laini. Kisha akaapa kwamba kila moja ilipimwa kabla ya kufungwa, na hakuna iliyosoma chini ya 118. Labda gesi mnayotumia ni mbovu, alisema. Guylaine akamjibu kwamba gesi ni yake, kutoka dukani kwake, ileile anayoiuza kila siku. Ndege haibebi makopo ya gesi, kwa hiyo ameileta mwenyewe kwa gari. Bwana Hsieh akauliza, kwa adabu, huko hali ya hewa ikoje.

"Ya kawaida," alisema Guylaine. "Ishirini na sita chini ya sifuri."

Alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka mdomoni.

Simu ikiwa bado sikioni, alivua glavu ya mkono wa kulia kwa meno. Tangu asubuhi alikuwa hajazivua. Alijaza gesi nazo, akapachika nazo magazini, yaani visanduku vinavyobeba vipira na gesi. Alishika kopo la gesi kwa kiganja kitupu. Liling'ang'ania ngozi kama chuma kilicholala nje usiku wa barafu.

Kila mwanzo wa majira ya baridi Guylaine hubandika dukani karatasi yenye maandishi mekundu: GESI KIFUANI, SI KWENYE BUTI LA GARI. Wateja wapya huicheka. Gesi iliyopoa haina msukumo, na bunduki iliyojazwa gesi hiyo hukohoa tu. Jambo hilo analijua kila mtu aliyewahi kucheza nje mwezi wa Januari, na aliyeliandika ukutani ni yeye. Leo amelisahau mbele ya serikali.

Aligeuka polepole.

"Réjean. Gesi uliiweka wapi?"

"Kwenye buti."

"Nilikwambia chini ya kiti cha mbele, karibu na hita."

"Inanuka, shemeji. Saa mbili barabarani na ile harufu? Kichwa kingepasuka." Alinyanyua mabega. "Isitoshe hii ni safari yangu ya pili wiki hii. Jumanne ulinituma kwa wakala, nikaja. Leo nikaja tena. Sasa unataka na mapafu yangu pia."

Hilo la Jumanne lilikuwa kweli. Kabla kasha halijahamishiwa hapa lilikaa ghalani kwa wakala binafsi wa mizigo, na Guylaine alikuwa amemtuma Réjean akalifungue, ahakikishe halijaingia unyevu. Alirudi akasema ni kavu kabisa. Hata asante hakupewa, na sasa Guylaine alijisikia vibaya kidogo kwa hilo. Akamgeukia afisa.

Alieleza kwa ufupi, bila kupamba. Gesi hukaa majimaji ndani ya kopo na hugeuka mvuke ikitoka. Baridi ikizidi, haigeuki vizuri. Magazini nazo zimelala kwenye banda lisilo na moto. Kilichopimwa pale, alisema, ni mwezi wa Januari tu. Bunduki zenyewe bado.

Afisa Veilleux alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja: kiwandani walipima katika joto gani? Bwana Hsieh, ambaye bado alikuwa hewani, akasema nyuzi ishirini na tano.

"Kumbe kosa si la sheria," alisema afisa.

"Ni langu."

"Mtu anayekiri upesi hivyo hunirahisishia kazi." Aliitazama ile hati aliyokwisha kuianza, akaisogeza pembeni bila kuichana. "Nitapima tena. Mara moja tu. Nitachagua mimi zipi, kutoka sehemu mbalimbali za kasha. Zikipita, unaondoka nazo. Moja isipopita, sirudii, na usiniombe."

"Sitakuomba."

"Zipashe joto, basi."

Haikuruhusiwa kuweka kopo la gesi juu ya hita, na Guylaine asingethubutu. Alifanya kama wanavyofanya kwao. Alifungua koti, akaliingiza kopo kwapani, akaziingiza magazini tatu tumboni chini ya sweta, akafunga zipu mpaka kidevuni, akaketi. Baridi ilimkata mbavu. Alionekana kama mwizi wa kuku aliyekamatwa sokoni.

Réjean aliinuka akaenda kwenye mashine ya kahawa, akarudi na vikombe viwili na kipande cha pai ya nyama kilichofungwa kwa karatasi.

"Kula, shemeji. Huyo mtoto aliyeko tumboni anahitaji chakula."

Hata afisa alipepesa macho kidogo. Guylaine akanywa kahawa. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya Normand alifikiri kwamba huenda shemeji yake si mtu mbaya. Ni mtu aliyechoka kumiliki nusu ya kitu.

Kungoja kunafungua midomo. Afisa Veilleux alimuuliza, kwa udadisi mkavu, anahakikishaje kwamba wachezaji wake hawatiani upofu. Guylaine akaeleza kwa fahari, kwa sababu hilo ndilo jambo analojivunia kuliko yote. Jumapili ya mchezo, alisema, hakuna bunduki inayoingia kwenye uwanja wake wa nje bila kupita mezani kwake. Inapimwa kasi. Ikifaulu, inavishwa kwenye mtutu mkanda mwembamba wa plastiki, kama ule ambao mafundi umeme hufungia nyaya. Rangi hubadilika kila wiki na hakuna anayeijua mapema, ili mtu asije na mkanda wa kwake. Mikanda inakaa kwenye droo yenye kufuli.

"Jumapili iliyopita ilikuwa rangi gani?" aliuliza afisa.

"Njano."

"Na anayefunga ni nani?"

"Mimi. Kila mmoja kwa mkono wangu. Wakizidi sana, shemeji ananisaidia."

"Mara chache," alisema Réjean, akiwa anatafuna. "Hapendi ninavyofunga."

Ilikuwa kweli pia. Guylaine hukata ncha ya mkanda mpaka ikalala sawa na fundo, ili isimchome mtu mkononi. Réjean huiacha inaning'inia kama mkia wa panya, akaambiwa, akarudia, akaambiwa tena. Lakini hayo Guylaine hakuyasema. Hayakuwa na maana mbele ya afisa.

Magazini zilipoacha kumuumiza ngozi, alisimama.

"Tayari."

Afisa Veilleux alivaa miwani ya kinga, akaenda kwenye kasha, akachomoa bunduki moja kutoka tabaka la juu, upande wa kushoto. Guylaine akajaza gesi, mikono mitupu safari hii. Kipira kikapita kwenye jicho la mashine.

119.

Réjean aliacha kutafuna.

Afisa akachukua ya pili, kutoka upande wa kulia. Akapima mara tatu.

121. 120. 121.

Guylaine alishika ukingo wa meza. Kichwani alikwisha kuwa barabarani. Alikwisha kuwa Shawinigan, milango ya ukumbi wazi, taa zinawaka, bunduki arobaini zimening'inia ukutani kwa mstari, na mwanasheria anakunja karatasi yake na kuirudisha kwenye mkoba.

"Moja ya mwisho," alisema afisa. "Kutoka chini."

"Chukua yoyote. Zote ni sawa."

Afisa aliondoa tabaka la sponji, akainua la pili, akapeleka mkono mpaka sakafu ya kasha. Alitoa bunduki moja nyeusi, akaiweka mezani. Akanyoosha mkono apewe magazini.

Guylaine akampa. Afisa akaipachika. Haikuingia.

Akaigeuza, akajaribu tena. Haikuingia. Akaipima kwa mikono yote miwili, kama mtu anayepima tikiti maji, kisha akaishika ya pili, ile iliyosoma 121, akailinganisha. Zilifanana kwa mbali, kitako cheusi kwa kitako cheusi. Karibu, hazikufanana hata kidogo.

"Rudini nyuma," alisema Afisa Veilleux.

Sauti yake ilikuwa ileile ya vitunguu, lakini mkono wake ulikuwa tayari kwenye redio ya begani.

Aliuelekeza mtutu ukutani, akavuta bati la pembeni, akachungulia. Hakukuwa na bomba la gesi. Hakukuwa na mpira wa kuzungushia kipira. Kulikuwa na chumba kidogo cha chuma, kinachong'aa kwa mafuta, cha ukubwa wa risasi ya kuwindia sungura.

"Hii si ya mchezo," alisema. "Hii ni bunduki."

Akaongea redioni maneno machache. Mlango wa nyuma ukafunguka, wakaingia askari wawili wa forodha, wakasimama bila haraka kati ya Guylaine na njia ya kutokea.

"Haiwezekani," alisema Guylaine. "Ni zile arobaini. Zimetoka kiwandani. Zilipigwa picha za mionzi ziliposhuka, nyinyi wenyewe mlizipiga."

"Tulizipiga, na hii haikuwemo." Afisa alikuwa ameinama, anatazama kitu mbele ya bunduki. "Bibi Lacoursière, hiki ni nini?"

Guylaine akasogea hatua moja, mpaka askari alipoinua kiganja. Hakuhitaji kusogea zaidi.

Kwenye mtutu, karibu na mdomo wake, ulikuwa umefungwa mkanda mwembamba wa plastiki. Wa njano.

"Ulisema njano ni Jumapili iliyopita," alisema afisa.

"Nilisema."

"Ulisema inakaa kwenye droo yenye kufuli."

"Ndiyo."

"Na kwamba unaifunga kwa mkono wako."

Guylaine alitaka kueleza. Alitaka kusema kwamba bunduki ya kweli haijawahi kukanyaga uwanja wake, kwamba mkanda huo haukupita mezani kwake, kwamba mtu ameuchukua. Lakini macho yake yalikuwa yameganda kwenye fundo.

Ncha haikukatwa. Ilining'inia, ndefu, kama mkia wa panya.

Mambo yalijipanga kichwani mwake yenyewe, bila huruma, kama vipira kwenye magazini. Ghala la wakala, Jumanne. Kasha lililofunguliwa kuangaliwa unyevu. Gesi kwenye buti. Haraka ya kwenda nyumbani kabla tabaka la chini halijaguswa. Kwa maana mzigo ukishindwa kwa kasi tu ungekufa kimyakimya, na bunduki ya chini ingebaki pale kama hila ya akiba, endapo tu ile ya kwanza, ya gesi baridi, haitatosha.

Alimgeukia Réjean.

Réjean hakuwa anaitazama bunduki. Alikuwa ameiweka chini kahawa yake, ameshika kofia kwa mikono miwili mbele ya tumbo kama watu wanavyoshika kanisani, na alikuwa anamtazama yeye. Usoni mwake hakukuwa na hasira wala furaha. Kulikuwa na huruma, tena nyingi.

"Mwambie ukweli tu, shemeji," alisema kwa upole, kwa sauti iliyotosha kufika kwa kila mtu chumbani. "Si ndiyo ile ya marehemu kaka?"

Afisa Veilleux akaigeuza bunduki kitako juu, akasoma nambari iliyochongwa kwenye chuma, akaitaja redioni polepole, tarakimu baada ya tarakimu. Wote walisubiri. Hita iliguruma.

Redio ilikwaruza, kisha sauti ya mwanamume ikajibu bila shauku yoyote.

"Imeandikishwa. Shawinigan. Jina la mwenye mali, Lacoursière, Guylaine."